Mnawishaji wa Isevya

Mtu akikwambia amewahi kula katika hoteli za Bibi Mwanamkuu, muulize swali moja tu: ni nani aliyekunawisha? Akianza kukueleza habari za pilau na ukubwa wa minofu, huyo kasikia kwa watu, hajafika. Aliyefika atakutajia jina.

Hoteli zenyewe zilikuwa tatu, zote za ukoo mmoja. Ya kwanza ilikuwa Isevya, mjini Tabora, ya pili Puge kando ya barabara, na ya tatu Nzega. Nasema hoteli kwa maana yetu sisi, yaani mabenchi, meza za mninga, moshi, chai ya maziwa na ugali wa kushiba, vitanda hakuna. Madereva wa malori walizijua zote na walikuwa hawaishi kuzilinganisha. Supu ya Nzega nzito, maharage ya Puge hayana mpinzani, na Isevya chapati zao ngumu lakini wanajua kumpokea mtu. Bibi Mwanamkuu aliweka sheria moja kwa hoteli zote tatu tangu enzi za Mwingereza, na alikufa akiisisitiza: mgeni haendi kutafuta maji. Mgeni anakaa, na maji yanamfuata alipo.

Isevya, maji hayo aliyabeba Lukumani bin Abasi.

Alianza kazi mwaka 1948, na mwaka huu ninaousimulia, 1975, alikuwa anakaribia miaka hamsini, mrefu, mwembamba, kofia yake ya kiua haijawahi kukaa upande. Birika la shaba mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, kipande cha sabuni juu ya kisahani. Kabla ya kumwendea mtu aliyapima maji kwa kiwiko, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Hakuna mteja wa Lukumani aliyewahi kuruka kwa maji ya moto, wala kusinyaa kwa maji ya baridi.

Mikono aliijua kuliko nyuso. Mafundi wa reli walikuja na grisi, naye aliwaletea majivu laini wasugue kwanza. Wakulima wa tumbaku walikuja na utomvu mweusi uliogandamana vidoleni, hao aliwakamulia limau. Waliomchosha ni makarani, maana walinyoosha ncha za vidole tu, kana kwamba maji yale yatanywewa na watu wengine baada yao. Lukumani aliwamwagia hadi kwenye vifundo, wapende wasipende. Alikuwa na kiburi na kazi yake, na mimi simlaumu. Mtu akifanya jambo moja miaka ishirini na saba bila kuharibu, ana haki ya kuringa kidogo.

Miongoni mwa wateja wake kulikuwa na mmoja aliyekuja mara moja kwa mwezi, Bernardo, mkulima wa Puge. Kwao Puge hoteli ya Bibi Mwanamkuu ilikuwa hatua chache kutoka shambani kwake, lakini alikuwa hakanyagi tena humo. Alikula Isevya, siku alizokuja mjini kufungwa vidonda vya miguu hospitali. Sababu Lukumani aliijua siku ya kwanza alipomwambia, "Karibu unawe," na mtu yule akachelewa kutoa mikono kwenye mikono mirefu ya koti.

Bernardo aliwahi kuugua ukoma. Alikaa kambini miaka saba akapona, akapewa cheti chenye mhuri, lakini cheti hakirudishi vidole. Mkono wa kushoto ulibakiwa na viwili. Wa kulia vilikuwepo vyote, ila vimejikunja kuelekea kiganjani na havikunjuki. Na mikono yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Haikujua moto, haikujua mwiba. Puge kila mtu alijua, na hakuna aliyemkataza kuingia hotelini. Aliingia, na benchi likabaki lake peke yake. Mara mbili zilimtosha.

Kwa hiyo Isevya alikaa kwenye kona, mgongo kwa watu. Lukumani alikuja akasimama kati yake na ukumbi, taulo likining'inia kama pazia, akamwaga maji, akasugua yeye mwenyewe, akakausha kidole kimoja kimoja, kisha akamchomekea kijiko katikati ya vidole vilivyojikunja kwa namna ambayo hakikudondoka. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko watu wawili wa Tabora wanavyosalimiana.

"Habari za Puge, Baba Flavia?"

"Njema, Lukumani. Mahindi yamekubali. Mama Flavia anakusalimu."

Basi. Miaka sita mfululizo, na hakuna mteja hata mmoja wa Isevya aliyejua kilichokuwa ndani ya lile koti. Walikuwa marafiki, ingawa hawakuwahi kulitumia neno hilo.

Mwanzoni mwa Mei mwaka huo akaja Dionis. Alikuwa katibu mpya wa tawi la chama la mtaa, mwalimu, kijana wa miaka ishirini na saba hivi, mwembamba, mkweli kupita kiasi. Baba yake alikuwa boi wa Mzungu mmoja wa mashamba ya tumbaku, na Dionis alipokuwa mdogo alimwona baba huyo akipiga magoti kila jioni kumvua bwana viatu na kumwosha miguu. Kitu hicho kilimkaa moyoni na hakikutoka. Nayasema haya mapema ili msimchukie.

Siku ya kwanza alipoingia kunywa chai, Lukumani alimwendea kama alivyomwendea kila mtu.

"Shikamoo, mzee," alisema Dionis.

"Marahaba, Ndugu Katibu. Karibu unawe."

Dionis akaiweka mikono yake chini ya meza. "Hapana, mzee wangu. Mikono ninayo, nitanawa mwenyewe. Wewe ni mtu mzima wa kuwa baba yangu. Huoni uchungu kuniinamia? Hii ni kazi ya watumwa. Tumekwisha jitawala, hakuna tena bwana na mtumwa."

Aliyasema kwa upole, lakini alikuwa na sauti ya darasani, na hoteli nzima ilisikia.

Sasa, kijana yule alikuwa mgeni Tabora, hakujua alichokigusa. Bibi yake Lukumani, mzaa baba, aliletwa Tabora na msafara kutoka Manyema, kamba shingoni, akiwa binti mdogo. Mji huu umejaa wajukuu wa walioletwa na wajukuu wa waliowaleta, wanaoana, wanazikana, wanasali safu moja, na jambo hilo halitajwi. Hutajwa kwenye ugomvi tu, mtu anapotaka kumwumiza mwenzake kabisa. Lukumani alikuwa hajaitwa mtumwa tangu akiwa kijana. Alirudi na birika lake hadi jikoni, akaliweka juu ya rafu, na hakuligusa tena mpaka adhuhuri.

Mussa, mjukuu wa Bibi Mwanamkuu na msimamizi wa Isevya, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Chama hakikuwa kimesema neno lolote juu ya kunawa. Hayo yalikuwa ya Dionis peke yake. Lakini siku zile kila mwenye biashara alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, maana maduka ya ujamaa yalikuwa yanafunguliwa na ya watu binafsi yanafungwa, na hakuna aliyejua zamu ya nani kesho. Wiki haikuisha, pipa lenye bomba likawekwa mlangoni juu ya mafiga matatu. Puge na Nzega nako mabirika yakatundikwa. Lukumani akapewa kiti karibu na mlango na cheo: msimamizi wa ukumbi. Kazi yake ilikuwa kusema karibu.

Watu walimpongeza kwa kupanda cheo. Yeye alikaa kwenye kile kiti kama mgeni aliyefika kwenye nyumba ya watu wakati wenyewe hawapo.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa mtumwa," alimwambia mkewe, Mwanajuma, mama wa binti yao Zamda, "na sikujua."

"Mtumwa gani anarudi nyumbani alasiri na kulalamika kuwa chai imepoa?" alijibu Mwanajuma huku akipepeta mchele. "Kijana kasema la kijana. Liache lipite."

Halikupita. Siku moja fundi mmoja wa reli, mteja wa zamani, alimtania, "Lukumani, njoo uninawishe bwana, hili pipa lako halina adabu." Dionis alikuwepo, meza ya katikati. Lukumani akajibu kwa sauti, hoteli nzima isikie: "Kila mtu ana mikono yake. Mimi si mtumwa wa mtu. Wallahi simmwagii mtu maji tena humu." Dionis akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akadhani amemkomboa mtu. Na Lukumani akajifunga kwa kiapo chake mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Ukaingia mwezi wa Juni na baridi yake. Wateja walinung'unika kuwa maji yanagandisha mikono hata ugali hauliki, Mussa akatia mkaa chini ya pipa. Asubuhi maji yalikuwa vuguvugu, lakini ikifika saa sita yalikuwa yanatokota. Kando yake ikawekwa ndoo ya maji ya baridi na kopo, mtu achanganye. Wenyeji walijua. Mgeni alijulikana kwa kuruka na kupiga yowe, watu wakacheka, ikawa ndiyo burudani ya mchana.

Bernardo hakuja Mei, alikuwa kwenye mavuno. Alikuja Juni, Alhamisi, saa sita na nusu. Alisimama mlangoni akatazama kona yake, akamtazama Lukumani.

"Habari za siku nyingi, Lukumani."

"Karibu, Baba Flavia." Kisha Lukumani akaelekeza kidevu kwenye pipa. "Siku hizi tunanawa pale."

Bernardo alitabasamu kidogo, akifikiri ni utani. Akangoja. Lukumani hakunyanyuka. Dionis alikuwa meza ya katikati na watu wawili wa ofisini kwake, kikombe mkononi.

Na hapa inabidi niseme ukweli wote, ingawa nampenda huyu mtu. Lukumani alijua maji yana moto. Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye lile pipa, alikuwa anayasikia yakitokota. Alijua pia kuwa mikono ile haisikii. Alijiambia ndoo ya baridi iko pale, mtu ana macho, atachanganya kama wengine. Alijiambia atanyanyuka Katibu akimaliza chai. Neno moja tu lilimzuia kitini, na alikuwa anaogopa kulisikia mara ya pili kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote siku ile.

Bernardo alikwenda kwenye pipa. Akawapa watu mgongo, akajikunyata ili koti limfiche, akafungua bomba kwa kifundo cha mkono. Alinawa taratibu, kwa sababu alipenda kuwa safi anapokwenda kula, na kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsugulia. Mvuke ulipanda usoni pake. Labda alidhani ni moshi wa mkaa.

"Baba," alisema Apolinaria, mama aliyeuza maandazi pale mlangoni, "hayo maji si yanachemka?"

Bernardo akainua mikono akaitazama. Ndipo alipoona. Ngozi ilikuwa imevimba na kuchubuka, nyeupe kwa nyekundu, na mikono ya koti ilikuwa imeteremka hadi kwenye viwiko, na hoteli nzima ilikuwa inatazama vidole vilivyokuwepo na visivyokuwepo. Mtu mmoja alitaja ugonjwa kwa sauti ndogo, na lile neno likatembea meza hadi meza. Mabenchi yakavutwa. Kuna aliyesukuma sahani yake pembeni.

Lukumani hakukumbuka alivyofika jikoni. Alirudi na beseni lake la zamani limejaa maji ya mtungini, akapiga magoti kwenye vumbi la mlangoni, akaizamisha ile mikono na kuishika humo.

"Hainiumi, Lukumani," Bernardo alimwambia kwa kunong'ona. "Inuka. Watu wanatazama."

Lukumani hakuinuka. Alilia mbele ya watu wale wote, mtu mzima, na kofia yake ikaanguka na hakuiokota.

Dionis alitoka mbio barabarani akasimamisha gari la kwanza lililopita. Kabla ya kupanda na mgonjwa aligeuka akawaambia waliokuwa wanaondoka, kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba mtu aliyepona ukoma haambukizi, na kwamba aibu ilikuwa ya wanaokimbia. Wengine walirudi wakakaa. Wengine hawakurudi.

Kesho yake alikuja peke yake, akasimama mbele ya kiti cha Lukumani. "Mzee, mimi ndiye niliyesababisha haya."

"Wewe uliondoa birika," alisema Lukumani. "Mtu aliyekuwa kwenye kiti ni mimi."

Dionis hakumwelewa, kwa sababu hotelini hadithi ilikuwa imekwisha pangwa. Mussa alikuwa amewaeleza wote kuwa mkaa ulichochewa dakika ile ile, kwamba hakuna aliyejua maji yamefika kiwango kile, na Mzee Lukumani angejuaje, yeye yuko kwenye kiti chake? Lilikuwa neno la huruma na kila mtu alilipokea. Lukumani alilisikia likisemwa mara kumi na hakulipinga hata mara moja. Lakini kila liliposemwa alijisikia mwizi.

Wiki tatu baadaye alisikia Bernardo ametoka hospitali. Mwanajuma akamfungia kilo ya mchele na khanga ya Mama Flavia, naye Lukumani akapanda basi la asubuhi kwenda Puge.

Alipokelewa kama ndugu, na hilo ndilo lililomtesa. Veneranda, ndiye Mama Flavia, alitoka jikoni akijifuta mikono, akamwamkia Kinyamwezi, "Mwangaluka, Baba Zamda, mwangaluka," akamwekea kigoda kivulini mwa nyumba. Jogoo alikuwa amefungwa mguu pembeni. "Tulijua utakuja siku moja," alisema. "Tumemweka. Chinja mwenyewe, ule bila wasiwasi." Hivyo ndivyo nyumba za Kikristo za huko zinavyomheshimu mgeni Mwislamu. Lukumani akachinja.

Bernardo alikuwa amekaa mkabala naye, mikono yote miwili imezongwa bandeji hadi kwenye vifundo. Waliongea habari za mvua. Waliongea habari za Flavia aliyeolewa Bukene. Harufu ya mchuzi ilipoanza kutoka jikoni, Bernardo akasema lile ambalo Lukumani alijua litasemwa.

"Usijitese, Lukumani. Nilimwambia Mama Flavia, huyu mtu hakujua maji yale yamechemka. Na Mussa ameniletea salamu hivyo hivyo. Hukujua."

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Angekula, angepanda basi, mwezi ujao rafiki yake angekuja Isevya, na maisha yangeendelea. Hakuwa na rafiki mwingine wa namna ile wa kupoteza.

"Nilijua," alisema Lukumani.

Veneranda alisimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi.

"Nilikuwa nayasikia yakitokota. Nilijua na mikono yako haisikii, hapa duniani nani anaijua kuliko mimi? Katibu alikuwepo. Aliwahi kusema kazi yangu ni ya watumwa, na bibi yangu mimi aliletwa, Baba Flavia. Niliogopa aniite tena. Nikakaa."

Bernardo aliitazama mikono yake. Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa, akaenda zake.

"Vile viwili vya kushoto," alisema Bernardo mwishowe, "wamevikata. Vilioza."

Lukumani hakujua hilo. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alisimama, akatafuta viatu vyake kwa miguu, akashindwa kuvivaa, akaviokota akataka kuondoka navyo mkononi. Hakuona vipi angeweza kula chakula cha nyumba ile.

"Unakwenda wapi?" alisema Bernardo.

"Stendi."

"Basi ni saa kumi. Na jogoo umechinja wewe, unataka nani amle? Kaa."

Alirudi kwenye kigoda. Veneranda alikuja na jagi la maji na bakuli, amekunja uso, hakumtazama. Aliinama kumnawisha mgeni kama inavyopasa, ingawa ilionekana wazi moyo wake haukutaka.

"Nipe mimi," alisema Bernardo.

"Utalimwaga."

"Nipe, Mama Flavia."

Akalibana jagi kati ya vifundo viwili vya bandeji, akalikumbatia kifuani, akasogea na kigoda chake hadi magoti yao yakagusana.

"Lete mikono."

Lukumani akanyoosha mikono. Maji yalikuja kombo, mengi yakamwagikia kanzu yake na mengine yakalowesha bandeji, na yaliyobaki yakaanguka viganjani pake, na yeye alikuwa ameishika mikono wazi tu, hajui la kufanya, hawezi hata kuona kwa machozi.

"Sugua, Lukumani," alisema Bernardo. "Maji yanakwisha."